Chanjo ya HPV katika Uwanda wa Kati: Kinga ya Binti na Maswali ya Wazee

Saratani ya mlango wa kizazi ni ugonjwa unaokwenda polepole na kwa kificho. Mwanamke wa Bahi, Chamwino au Chemba anaweza kuishi nao kwa miaka mingi, akilima uwele na mtama wake, akichota maji na kulea watoto, bila kuhisi jambo lolote. Dalili zinapojitokeza, huwa ni zile ambazo mila zinamtaka azinyamazie: damu kutoka baada ya tendo la ndoa, damu baina ya hedhi moja na nyingine, damu baada ya ukomo wa hedhi, au majimaji ukeni yenye harufu kali. Aghalabu dawa za mitishamba hutangulia, hufuata lawama za ndani ya nyumba, na hospitali huwa ya mwisho. Anapofika huko, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea.

Kwa makadirio ya Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika na saratani hii nchini Tanzania kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hupoteza maisha. Kwa muda mrefu tiba ya mionzi ilipatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam pekee, yapata kilomita 450 kutoka Dodoma. Hata baada ya huduma hiyo kufika kwingine, kama Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, safari ya mgonjwa wa kijijini imebaki kuwa ndefu na ya gharama. Ng'ombe huuzwa, na binti mkubwa huacha masomo ili awalee wadogo zake.

Ugonjwa huu una kinga. Chanjo dhidi ya kirusi kinachousababisha ipo nchini, hutolewa bila malipo, na imethibitishwa kuwa salama. Hata hivyo, katika uwanda wa kati, ambako habari za uzazi husemwa kwa staha na aghalabu kwa faragha, kufika kwa sindano kijijini si sawa na kukubalika kwake. Makala haya yanaeleza chanjo hiyo ni nini, kwa nini hutolewa katika umri wa utoto, na ni maswali gani ya jamii yanayostahili majibu kamili kabla ya kisanduku cha chanjo kufunguliwa.

Kirusi na safari yake

Virusi vya papiloma vya binadamu, vijulikanavyo kwa kifupi cha HPV, ni jamii kubwa yenye aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa; baadhi huleta sugu za mikononi, na nyingine vinyama vya sehemu za siri. Zipo chache zenye hatari ya kuleta saratani, na miongoni mwa hizo aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Aliyebainisha uhusiano huo, mwanasayansi wa Ujerumani Harald zur Hausen, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2008.

Kirusi hiki huambukizwa hasa kwa njia ya kujamiiana, na ni cha kawaida mno: watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani maishani mwao. Kwa walio wengi mwili hukishinda wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, kikaendelea kuishi katika seli za mlango wa kizazi na kuzibadilisha kidogo kidogo. Kutoka maambukizi hadi saratani hupita miaka 15 hadi 20, na muda huo hupungua kwa mwanamke ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI anakabiliwa na hatari ya saratani hii takriban mara sita kuliko asiye navyo.

Kutokana na maelezo hayo, jambo moja linapaswa kusemwa waziwazi katika jamii inayothamini heshima ya mwanamke. Saratani ya mlango wa kizazi si ushahidi wa mwenendo mbaya. Mwanamke aliyeingia katika ndoa akiwa bikira na asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe anaweza kukipata kirusi kutoka kwa mume huyo, ambaye naye huenda alikibeba kwa miaka bila kujua, kwa kuwa kwa mwanamume mara nyingi hakileti dalili. Katika ndoa ya wake wengi, kirusi kilichofika kwa mmoja kinaweza kuwafikia wote. Uaminifu wa mke ni jambo jema, lakini pekee hautoshi kumkinga.

Chanjo inavyofanya kazi

Chanjo ya HPV haina kirusi ndani yake. Wanasayansi huzalisha protini ya gamba la nje la kirusi, na protini hiyo hujipanga yenyewe kuwa vidonge vidogo mno vinavyofanana na kirusi kwa umbo tu. Ni gamba tupu: hakuna vinasaba ndani, hivyo haviwezi kuzaliana wala kuleta maambukizi. Mwili wa binti huyaona magamba hayo kuwa ni adui na kutengeneza kingamwili. Siku kirusi chenyewe kitakapokuja, hukuta walinzi wakiwa wamekwisha kuwekwa mlangoni.

Walinzi hao huzuia kirusi kuingia. Hawakiondoi kilichokwisha kuingia. Hiyo ndiyo sababu ya kuchanja mapema, katika umri wa miaka 9 hadi 14. Wafugaji wa Ugogo wanaielewa kanuni hii vyema kuliko wengi. Kimeta na chambavu huchanjiwa kabla ya ugonjwa kufika zizini. Anayengoja ng'ombe aanguke amechelewa. Wazee husimulia habari za sotoka, tauni iliyomaliza mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na ambayo mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kwa nguvu ya chanjo. Mfano huu utumike kwa adabu, maana binti si ndama. Lakini hoja yake ni ileile.

Tanzania ilianza kwa hatua. Katika miaka ya 2010 na 2011, watafiti mkoani Mwanza walitoa chanjo hii katika shule za msingi 134 ili kujua njia bora ya kuwafikia wasichana. Mwaka 2014 ilijaribiwa mkoani Kilimanjaro, na Aprili 2018 ikazinduliwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili zilizopishana miezi sita. Utaratibu huo ulikuwa na kikwazo chake: binti wa umri huo huwa karibu kumaliza darasa la saba, na miezi sita baadaye huenda amekwisha kuhamia sekondari ya mbali, amekwenda mjini kufanya kazi za ndani, au ameolewa.

Utafiti wa Afrika Mashariki yenyewe ndio uliosaidia kukiondoa kikwazo hicho. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walifuatiliwa, na miaka miwili baada ya dozi moja tu, zaidi ya asilimia 97 walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16. Nchini Kenya, miongoni mwa wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja kuwa inatosha kwa wasichana walio wengi, na Aprili 2024 Tanzania ikaendesha kampeni ya dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa mabinti wanaoishi na virusi vya UKIMWI, shirika hilo linashauri dozi mbili, na ikiwezekana tatu.

Maswali manne yanayostahili majibu

Watoa huduma wengine huyaita maswali ya wazazi kuwa ni uvumi, wakayapuuza. Hilo ni kosa. Mzazi anayeuliza amefanya lililo wajibu wake, na mahali ambapo mahari hulipwa kwa ng'ombe na heshima ya nyumba mpya hutazamwa kwa watoto wake, hofu kuhusu uzazi si jambo dogo.

Swali la kwanza: je, chanjo hii haifungi kizazi? Hofu hii inaeleweka, kwa kuwa sindano hutolewa kwa wasichana, karibu na umri wa kuvunja ungo, na watu wasiojulikana kijijini. Jibu lake ni kwamba hakuna kitu ndani ya chanjo kinachogusa mayai, mji wa mimba wala homoni. Australia ilianza kuwachanja wasichana wake wa miaka 12 na 13 mwaka 2007, na Uingereza mwaka 2008. Wasichana hao leo ni wanawake wazima, na wengi wao ni akina mama. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe, ambayo matibabu yake mara nyingi humwondolea mwanamke mji wa mimba au kuunguza mayai yake kwa mionzi. Anayeutakia uzazi wa binti yake mema ana sababu ya kuitaka chanjo.

Swali la pili: kwa nini wasichana pekee? Wavulana nao hupata kirusi, na zipo nchi zinazowachanja. Lakini mzigo mkubwa wa saratani uko kwa wanawake, na dozi zinapokuwa na kikomo, ni busara kumkinga kwanza anayeumia zaidi. Wasichana wengi wakichanjwa, mzunguko wa kirusi hupungua hata kwa wanaume.

Swali la tatu: kwa nini ni bure? Si kweli kwamba haina gharama. Gharama hulipwa na serikali pamoja na ubia wa kimataifa wa chanjo, Gavi, kama ilivyo kwa chanjo kadhaa za watoto wachanga ambazo mama huzipokea kliniki bila wasiwasi. Wala si kitu kilichobuniwa kwa ajili ya Waafrika. Iliidhinishwa kwanza mwaka 2006, na waliotangulia kuitumia kwa wingi ni watoto wa nchi tajiri. Nchini Sweden, waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 wamepungukiwa na saratani hii kwa asilimia 88 wakilinganishwa na wasiochanjwa. Rwanda ilianza mwaka 2011 na kuwafikia wasichana zaidi ya tisa katika kila kumi.

Swali la nne huulizwa kwa sauti ya chini: je, kumkinga binti na ugonjwa wa zinaa si kumfungulia mlango wa uasherati? Tafiti katika nchi mbalimbali zimewalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, na hazikuona kwamba chanjo iliwafanya mabinti kuanza ngono mapema. Mtoto wa miaka 9 huambiwa kweli inayomfaa kwa umri wake, kwamba sindano hii inamkinga na saratani atakapokuwa mama. Mafunzo ya maadili hubaki mikononi mwa wazazi, bibi na shangazi, msikiti na kanisa, kama ilivyokuwa.

Upande wa Kondoa na Chemba, wenye Waislamu wengi, huongezeka swali la uhalali. Protini ya Gardasil, mojawapo ya chanjo zinazotumika zaidi duniani, huzalishwa kwa hamira, na chanjo hiyo haina jelatini ya nguruwe. Imamu aliyepewa taarifa hizi mapema ataweza kuwajibu waumini wake. Aliyezisikia siku ya chanjo hataweza.

Kivuli cha lawalawa

Uwanda wa kati una kumbukumbu yake kuhusu maneno ya serikali na miili ya wasichana. Katika sehemu za Dodoma na Singida, maradhi ya njia ya mkojo na ya uke kwa watoto wa kike yamekuwa yakiitwa lawalawa, na tiba yake ikaaminiwa kuwa ni kumkeketa mtoto. Sheria ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na ilistahili kufanya hivyo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta takriban asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wa Dodoma wakiwa wamekeketwa, na katika baadhi ya familia tendo hilo lilihamishiwa kwa watoto wachanga, usiku, mbali na macho ya mtendaji wa kijiji.

Historia hiyo inagusa chanjo ya HPV moja kwa moja. Familia yenye jambo la kuficha inaposikia kwamba wataalamu wanakuja kwa ajili ya "ugonjwa wa kizazi wa wasichana", inaweza kudhani kwamba binti atavuliwa nguo na kukaguliwa. Siku hiyo binti hatakwenda shule. Kwa hiyo tangazo la kwanza, kabla ya takwimu yoyote, linapaswa kueleza wazi kwamba sindano huchomwa begani, binti akiwa amevaa nguo zake. Hakuna anayekaguliwa sehemu za siri, na hakuna anayeulizwa kama ni bikira. Mapambano dhidi ya ukeketaji yaendelee kwa nguvu zote, lakini yasiunganishwe na meza ya chanjo. Mikutano hiyo miwili ikifanywa mmoja, yumkini yote miwili itakosa watu.

Siku ya chanjo

Madhara ya kawaida ni maumivu na uvimbe mdogo pale sindano ilipoingia, homa nyepesi na kichwa kuuma, ambayo huisha kwa siku chache. Baadhi ya wasichana huzirai kwa woga wa sindano, hasa wakiwa na njaa au wamesimama juani. Ndiyo maana binti huketishwa kivulini na kuangaliwa kwa dakika 15, na ni vema awe amekula. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, na mtoa chanjo hupaswa kuwa na dawa ya kuukabili.

Kuzirai kwa mmoja kunaweza kuwaambukiza hofu wengine. Mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Colombia, wasichana wengi waliugua kwa pamoja. Uchunguzi haukuona kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, lakini imani ya wazazi nchini humo iliporomoka. Japani, nchi yenye shule na hospitali za hali ya juu, iliacha kuihimiza chanjo hii mwaka 2013 kwa sababu ya taarifa za madhara ambayo hayakuthibitishwa, na idadi ya wanaochanjwa ikashuka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1. Iliirejesha mwaka 2022. Hofu ya chanjo, kwa hiyo, si maradhi ya vijijini wala ya wasiosoma. Hutokea popote maelezo yanapochelewa.

Ratiba nayo ina uzito wake. Mvua za Dodoma hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, ambapo makorongo hukata njia na mikono yote iko shambani. Kiangazi kinapokolea, wafugaji huhama na mifugo kutafuta maji. Chanjo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo haiwezi kuachwa kijijini kuwangoja. Shule ni kituo kizuri, lakini binti aliyeacha masomo, au asiyewahi kuandikishwa, ndiye mara nyingi atakayeolewa mapema, na ndiye asiyepaswa kukosekana. Wanaomjua ni mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na bibi yake. Hao waitwe wiki kadhaa kabla, wasomewe taarifa yote, waulize yote. Bibi akiridhika, nyumba nzima imeridhika.

Na mama je?

Chanjo haiwafai sana wanawake waliokwisha kuishi katika ndoa kwa miaka mingi. Kinga yao ni uchunguzi. Mtaalamu hupaka siki nyepesi ya kitabibu kwenye mlango wa kizazi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na inaweza kutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa kabla haijawa saratani. Pale kinapopatikana, kipimo cha kirusi chenyewe hutoa majibu ya uhakika zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI. Lengo la dunia kwa mwaka 2030 ni kwamba asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kufikia miaka 35 na tena kufikia 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe.

Binti aliyechanjwa naye atahitaji kupimwa akiwa mtu mzima, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za kirusi. Kadi yake ya chanjo ihifadhiwe pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, na mama aliyempeleka binti yake kupata chanjo amuulize muuguzi huyohuyo siku na mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kupimwa.